Hamsini na Tatu ya Laurentine

Tuseme ukweli: Laurentine hakuwa na akili ya ajabu. Wako watoto ambao mwalimu akifungua mdomo tu wao wameshafika mwisho wa somo, na wako wale wa kusukumwa kama gari lililokufa betri. Laurentine alikuwa wa katikati. Alisoma, akasahau, akasoma tena, akakumbuka nusu. Hesabu ilimtesa tangu darasa la kwanza hadi la mwisho. Lakini shule hakukosa hata siku moja, na alipotoka kwenye mtihani wa Serikali mwezi wa sita, mwaka wa sabini na sita, alijua kwamba ametoa chote alichokuwa nacho. Hakuna kilichobaki kichwani.

Matokeo yalibandikwa mwisho wa mwezi wa nane. Hamsini na tatu kwa mia. Amefaulu, ndiyo, diploma anayo. Ila diploma ya hamsini na tatu ina kazi gani? Laurentine alitaka kuingia chuo kikuu asome jiografia, awe mwalimu wa sekondari, asimame mbele ya ramani na kijiti mkononi. Alikuwa ameyataka hayo tangu ana miaka kumi na miwili. Akaenda kumuuliza prefe wa shule yao, yaani mkuu wa shule. Prefe hakumpa hata kiti.

"Kampasi wanaanza na sitini," alisema, macho kwenye makaratasi yake. "Wewe, dada, tafuta mchumba, au tafuta mashine ya kupiga chapa."

Alilia kutoka mlango wa shule hadi kambi ya wafanyakazi, bila kujali anayemtazama.

Baba yake, mzee Casimir, alimkuta ameshika tama uani. Casimir alikuwa kapita, yaani msimamizi, kwenye tanuri la kuyeyushia shaba, miaka ishirini na saba kazini, mtu mpole asiyepandisha sauti. Kambi nzima ilijua kwamba Laurentine ndiye kipenzi chake. Alimpa hata kiti chake akae, jambo ambalo hata mke wake hakupewa.

"Usilie, mutoto," alisema. "Nafasi iko."

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Lilikuwa tangazo la kampani ya shaba. Kila mwaka, mfanyakazi mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini aliweza kuleta mtoto mmoja, mradi ameandikwa katika buku yake na amepata hamsini kwenda juu. Kampani itamwombea huyo mtoto nafasi chuo kikuu na kumlipia masomo. Laurentine alisoma mara tatu. Hamsini kwenda juu! Yeye ana hamsini na tatu, za ziada anazo!

Nieleze kidogo habari ya buku, maana hapo ndipo mambo yote yalipofungwa fundo. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu chake kidogo cha kampani, ndani yake mke na watoto. Kichwa kilichoandikwa kinapata posho ya unga na samaki, kinatibiwa, kinasomeshwa. Kichwa kisichoandikwa, shauri yako. Kwa hiyo mpwa akiletwa kutoka kijijini, watu waliamua nini? Waliandika mtoto. Kambi nzima ilifanya hivyo, na karani naye alijifanya haoni, kwa sababu karani naye alikuwa na wapwa.

Nyumbani kwa Casimir, mpwa huyo aliitwa Rigobert. Alikuwa mtoto wa dada yake Casimir, aliletwa kutoka upande wa Moba akiwa na miaka tisa, miguu imejaa funza, na Casimir akamwandika kama mtoto wake wa kumzaa, na mwaka huu kwenye buku alisomeka Kiputa, maana ofisini majina ya ubatizo hayakukubaliwa tena. Laurentine alikuwa na miaka minane. Yeye ndiye aliyemtoa funza wale kwa pini. Walilala chumba kimoja na wadogo zao, walikula sahani moja, na hadi leo alimwita yaya, kaka mkubwa. Rigobert naye alifanya mtihani mwaka ule, kwa mara ya pili. Alipata hamsini na moja.

"Andika barua wewe," Casimir alimwambia binti yake. "Uko na mukono muzuri kupita sisi bote."

Laurentine aliandika mchana kutwa. Aliharibu karatasi nne. Alitafuta Kifaransa cha heshima, kile cha kupiga magoti, akataja miaka ishirini na saba ya baba yake mbele ya moto, akataja nidhamu ya mtoto na hamu yake ya kulitumikia taifa. Rigobert alimletea chai yenye maziwa bila kuombwa. Laurentine alipofika mahali pa jina la mtoto, baba yake akamzuia.

"Hapo uache wazi."

"Juu ya nini, baba?"

"Karani atapiga jina ku mashini. Banataka majina ya mashini."

Akaacha wazi. Angewezaje kushuku? Ni baba yake.

Wiki tatu alitembea roho juu. Akawaambia marafiki zake, akamwambia hata yule mama anayeuza mkaa. Orodha ilipobandikwa kwenye lango la ofisi ya wafanyakazi, alikwenda peke yake, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Majina hayakufuata alfabeti, yalifuata namba ya kazi ya baba. Namba ya baba yake aliijua kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Akateremsha kidole, akaipata. Mbele yake palipigwa kwa mashine, herufi kubwa nyeusi: KIPUTA.

Alidhani karani amekosea. Jamani, mtu akipendwa hupofuka! Alisimama pale anamtetea baba yake kichwani: karani ameona majina mawili kwenye buku, akachukua la juu. Akakimbia hadi nyumbani kumwambia baba awahi kusahihisha kabla ofisi haijafungwa. Casimir alikuwa amerudi kutoka kazini, anaosha uso kwenye beseni.

"Baba, banakosea! Baliandika jina ya yaya Rigobert!"

Casimir alijipangusa uso taratibu, tena taratibu mno.

"Habakukosea," alisema. "Laurentine, keti."

"Niko sawa hivi."

"Wewe uko mutoto yangu. Mi nilikuzala, mi nakupenda, bantu bote banayua. Lakini uko wa ukoo ya mama yako. Kwetu damu ni ya mama. Mutoto ya dada yangu njo wa ukoo yangu. Nikifa, yee njo atanizika, yee njo atakamata jina yangu. Nikimuacha na kubeba wewe, kule kwetu batasema Casimir alikula haki ya mwipwa wake."

"Yaya alipata cinquante et un. Mi niko na cinquante-trois."

"Haiko mambo ya points."

"Na ile barua? Juu ya nini mi njo niliandika?"

Casimir alitazama beseni. "Juu uko na mukono muzuri," alisema.

Laurentine alielewa sasa alichonyang'anywa. Si nafasi tu. Ni ile siku nzima, yale makaratasi manne, yale maneno ya kupiga magoti aliyoyatafuta kwenye kamusi. Alikuwa amemwombea mwenzake kwa mkono wake mwenyewe, na mtu aliyemkalisha mezani ni huyu, mwenye kumwita mutoto. Aliona aibu kama aliyevuliwa nguo barabarani.

"Haki yangu mi iko wapi, baba?"

"Iko kwa mujomba yako," Casimir alijibu upesi, kama aliyekuwa amelingojea swali hilo. "Lucien iko ku Kipushi, iko na myaka ishirini na mbili mu kazi, naye iko na nafasi yake, orodha ya kule bado kutoka. Kila muntu abebe mwipwa wake. Njo vile bankambo, bazee ba zamani, balituachia. Wende umuone."

Laurentine alilala na hasira, akaamka na hesabu. Kwa kweli neno la baba yake lilikuwa na kichwa na miguu. Ikiwa kila mjomba atabeba mpwa wake, hakuna anayebaki nyuma. Angalau angemwambia mapema! Lakini njia ipo. Akapiga moyo konde, akafunga diploma yake ndani ya gazeti, akapanda lori la Kipushi asubuhi ile ile.

Mjomba Lucien, kaka wa mama yake, alifanya kazi kwenye mgodi wa pale. Alikuwa mnene, mcheshi, mtu wa kupiga watu mgongoni. Alimpokea kwa kelele.

"Mwipwa yangu! Mama yako iko muzima? Leteni soda, mwipwa yangu amefika!"

Laurentine alikunywa soda, akaeleza. Alipotaja tangazo la kampani, kicheko cha Lucien kilipungua. Alipofungua gazeti na kutoa diploma, kikaisha kabisa.

"Ah, mwipwa. Unachelewa. Niliisha kupeleka Adalbert."

Adalbert alikuwa mtoto wake Lucien, wa kumzaa.

"Adalbert? Lakini baba anasema kila muntu abebe mwipwa wake."

"Baba yako iko nyuma!" Lucien alipiga paja. "Tuko mu ville, Laurentine, tuko na umeme. Ile mambo ya ukoo ya mama ilibakia ku kijiji. Huku baba anazala, baba anasomesha. Mwambie Casimir aache kusumbua batoto."

"Adalbert alipata ngapi?"

Lucien alikohoa. "Cinquante. Hamsini njo banalomba, hapana?"

Laurentine alitua chupa ya soda sakafuni. Heshima ya mjomba ni kubwa, kwao mjomba hajibiwi. Lakini alikuwa ameshachoka kuheshimu.

"Mujomba, wakati dada yangu mukubwa aliolewa, nani alikamata mahari?"

"Ile ni kitu ingine."

"Ulikuja na kabuti na kofia. Uliketi mbele ya baba, ukasema, mi njo mwenye batoto, yee ni jogoo tu. Bantu bakacheka. Baba akanyamaza, akakupa. Ile siku kijiji kilikuwa mu ville?"

Mke wa Lucien akajifanya anapanga vikombe. Kumbe ndivyo walivyo, Laurentine aliwaza, kila mmoja ana sheria mbili mfukoni, hutoa ile inayomlipa! Baba yake ni mtu wa ukoo pale anapobeba mpwa, mjomba wake ni mtu wa mjini pale anapobeba mtoto, na yeye ameanguka katikati yao kama kijiko kilichoponyoka.

"Haraka haina baraka, mwipwa," Lucien alisema mwishowe, akimsindikiza hadi barabarani. "Tangazo inatoka kila mwaka. Mwaka kesho Rigobert atakuwa ameisha kuingia. Baba yako atabakia na nani mukubwa mu buku? Na wewe tu. Ngojea."

Aliambulia mfuko wa ndagala, dagaa wakavu, na maneno hayo. Ndagala aliwasahau ndani ya lori. Maneno aliyashika. Njia nzima, vumbi likimjaa mdomoni, aliyageuza, na kila akiyageuza aliona yana ukweli. Mwaka kesho hakuna mpwa mwingine kwenye buku ya Casimir. Wadogo zake wako shule ya msingi. Ni zamu yake, apende asipende mtu. Mwaka mmoja ni nini? Atarudia madaftari, ataomba kufundisha watoto wa parokia, hamsini na tatu haiozi. Alifika nyumbani amechoka, lakini akamsalimu baba yake. Akampa hata Rigobert mkono wa pongezi, na Rigobert aliupokea akitazama pembeni.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, kukawa na karamu. Wakubwa wa kazi wa Casimir walialikwa, na watu wa kwao Moba waliokaa mjini, watu thelathini hivi. Viti viliazimwa kwa majirani. Jikoni, Laurentine na mama yake Constance walipika tangu alfajiri, na sasa ilibaki bukari tu, yaani ugali, sufuria kubwa la kushikwa na watu wawili. Constance alishika sufuria kwa miguu, Laurentine akasonga kwa mwiko, jasho likimtiririka.

"Mama," alisema katikati ya kusonga, "mwaka kesho tutafanya karamu yangu. Mi naye nitapika kuku."

Constance alikaza miguu kwenye sufuria.

"Mujomba alinionyesha. Mwaka kesho mi njo mukubwa mu buku. Baba hatakuwa na muntu mwingine."

"Laurentine, songa. Inashikana."

"Niko nasonga. Si kweli, mama?"

Constance aliachia sufuria. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache. Alijipangusa mikono kwenye kitenge kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Hauko tena mu buku," alisema.

"Namna gani, siko?"

"Baba yako alikutoa, siku ya tatu ya hii juma. Alienda ku biro ya kampani."

Laurentine alicheka. Aliona ni mzaha. Kisha akaona uso wa mama yake.

"Juu ya nini?"

"Juu yako na Rigobert." Constance alizungumza upesi sasa, sauti chini ili wageni wasisikie. "Mu buku muko ndugu, baba mumoja, mama mumoja. Ndugu habaoani. Ku zone, ku serikali, hapana kuandika ndoa ya bandugu. Lazima mumoja atoke. Rigobert hawezi kutoka, kampani itamunyanganya nafasi. Basi ukatoka wewe."

"Kuoana na nani? Na yaya?"

"Haiko yaya yako! Ni mutoto ya shangazi yako. Bankambo bote balioana vile. Padri atatoa ruhusa, aliisha kupa bengine. Laurentine, sikia. Akimaliza masomo atakuwa mukubwa. Mwanamuke mwingine akimukamata, sisi tutakula nini? Hivi masomo inabakia mu nyumba. Wewe utakuwa bibi ya mukubwa. Ni kama wewe njo ulisoma."

"Ulijua tangu lini?"

"Mwanangu..."

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu Pasaka," Constance alisema.

Pasaka! Kabla ya mtihani. Mama yake alikuwa akimwamsha saa kumi alfajiri arudie masomo, akimpa yai la kuchemsha siku ya hesabu, na huku anajua. Laurentine aliweza kumsamehe baba kidogo, baba alikuwa na ukoo wake. Mjomba alikuwa mlafi tu. Lakini huyu ndiye mama ambaye damu yake, kwa sheria yao wenyewe, ndiyo damu ya Laurentine. Kama ukoo ni wa mama, basi ukoo wake wote ulikuwa umesimama pale mbele yake, unajipangusa mikono.

Laurentine aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akazunguka nyuma ya nyumba. Rigobert alikuwa kwenye kamba ya nguo, anapiga pasi ya mkaa abakosi yake mpya, suti ya bila tai, juu ya meza. Alimwona dada yake, akaisahau pasi juu ya kitambaa.

"Unajua?" Laurentine aliuliza.

Rigobert hakuuliza kujua nini. Angalau hilo.

"Balinilazimisha," alisema. "Mi nilikataa, Laurentine. Kweli ya Mungu. Nilisema huyu ni dada yangu, siwezi. Na ile nafasi pia nilisema ni yake, yee alipata mingi."

"Ulikataa siku ngapi?"

Alifikiri. Alikuwa kijana asiyejua kudanganya vizuri, na pale alifikiri kwa kweli, akihesabu.

"Siku mbili," alisema.

Siku mbili. Laurentine alimtazama miguu, ile miguu ya funza, kisha akamtazama uso. Kwanza kilikuja kicheko, halafu machozi, vyote akavimeza. Mtu aliyekula naye sahani moja miaka kumi na moja alikuwa amempigania siku mbili, akachoka, akaenda kumchemshia chai.

"Pasi inaunguza," alimwambia, akageuka.

Barazani wageni walikuwa wameshanawa mikono. Mzee Casimir alisimama kwenye mlango wa jikoni, shati jeupe, uso umejaa furaha ya mwenye shughuli. Constance alikuwa nyuma yake, anahangaika na sufuria lililomshinda mtu mmoja.

"Laurentine! Bageni banangojea bukari. Uko wapi?"

Laurentine alifungua kitenge alichojifunga kiunoni kwa kupikia, akakikunja, akamwekea baba yake mikononi. Hakupandisha sauti. Alitaka kila aliye barazani asikie, na kambini kuta ni nyembamba.

"Mi niliisha kutoka mu buku, baba. Muite muntu wa hii nyumba apike."